Siku Mama Alipowashukuru Wazee

Dada yangu Talaso,

Salaam aleikum. Natumai huko Doha kazi haikuchoshi sana. Sisi hapa Wabera tuko salama, ila kuna jambo limenikaa moyoni.

Unakumbuka siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu alipokusimamisha mbele ya wazazi akasema wewe ni “ambitious”? Njiani Mama alikuuliza maana yake. Ukamwambia, “Ni mtu anayetaka kufika mbali, na hakai akingoja kupelekwa.” Alilipenda neno hilo! Kila aliyekuja kununua maziwa ya ngamia aliambiwa, “Talaso wangu ni ambishas.”

Kisha serikali za kaunti zikaja, nawe ukataka kiti cha wadi. Ulizunguka nyumba kwa nyumba mpaka soli za viatu zikaisha. Wazee wa ukoo walipokutana kuchagua mtu wa kuungwa mkono, tulikaa nyuma na wanawake. Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani akasimama.

“Msichana ana akili, hatukatai. Shida yake ni moja tu, yuko *too ambitious*.”

Mama akasikia neno lake. Akainuka, uso umemng’aa. “Asanteni sana wazee wangu. Hata mwalimu wake alisema hivyo hivyo.”

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama naye akacheka. Wewe uliinamisha kichwa.

Tukirudi nyumbani akauliza, “Mbona wamecheka hivyo?”

“Wamefurahi, Mama,” ukamjibu.

Wiki hiyo ukaondoa jina lako, na haikuchukua muda ukasafiri. Wazee wakampa binamu yetu wa kiume nafasi ile. Yeye pia aliitwa “ambitious”, akapigiwa makofi.

Juzi Mama alikuwa akimsimulia binti yangu habari zako. Mtoto akamwambia, “Lakini Nyanya, wakitia ‘too’ mbele, maana yake amezidi mno, hiyo si sifa. Walikuwa wanamkataa.”

Mama hakula mchana. Jioni akaniita. “Kwa hivyo nilicheka na watu waliokuwa wakimcheka mtoto wangu?”

Inaniuma, dada, kwamba ulibeba aibu ile peke yako miaka yote hii, ukidhani unamkinga.

Kisha Mama akasema, “Angeniambia tukiwa bado njiani. Ningegeuka, nirudi kwa wale wazee.”

Mpigie simu. Anataka kukwambia mwenyewe.

Mdogo wako anayekukumbuka