Kunde Zenye Uzi Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Maua matano yameshika! Ijumaa jioni nilifungua vitumba na kutoa sehemu za kiume kwa kibanio cha nyusi cha Mama. Jumamosi alfajiri nikavipaka chavua ya ile kunde nyingine isiyoogopa ukame. Kila kimoja uzi mwekundu, nisikipoteze.

Dakta Nabilah wa chuoni alisema wazi: banda lao la mimea limejaa, nipande nyumbani kwenye ndoo. Nikileta mbegu chotara zilizokomaa kabla ya Aprili, nafasi ya msaidizi wa utafiti ni yangu. Tuko wawili tunaoigombania. Baba anaziita mboga zangu, mboga za Atoo. Polisi miaka thelathini — kwake kazi ni ile ya buti.

Jumanne, 11 Machi

Baba amenijazia fomu ya polisi. Mwenyewe! Jina, shule, hata urefu, na ameukosea. Imebaki sahihi. Mafunzo yanaanza tarehe 24.

Nikasema maganda yatakomaa siku hizohizo. Akauliza kama nilisoma miaka minne ili nilinde kunde. Nikatoka kumwagilia ndoo zangu. Nalala kwenye nyumba yake ya kambini, nakula chakula chake — nibishane naye?

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka kanisani, nimekuta ndoo zimenyolewa. Mama amechuma ncha, majani, maganda mabichi — apike boo, majani ya kunde kwa ufuta. Kuna mgeni, Afande Okwir, anayeandikisha askari wapya.

Na zile nyuzi? Mama akashangaa. Alidhani nimeshamfungia mafungu ya kupika, kama ya sokoni. Hata kumgombeza siwezi. Nimelia chooni.

Limebaki ganda moja lenye uzi, ndoo ya nyuma. Mbegu nane labda. Siku kumi bado likomae. Mama anaapa atalimwagilia nikiwa mafunzoni. Sawa, halafu? Atalipeleka yeye kwa Dakta, aajiriwe yeye?

Niko jikoni. Afande anasifu mboga, ameongeza sahani ya pili. Amemwambia Baba fomu anaondoka nayo leo hii, nafasi zinaisha. Baba ameita: nilete kalamu. Mama ananitazama. Nyumba nzima ina kalamu moja, ndiyo hii naandikia.

Ameita tena. Nimejibu nakuja, Baba, namalizia kidogo