Kuvutwa hadi Mwamapalala

Jumamosi

Eti mimi leo nilikuwa abiria!

Mume wangu kaligeuza basi kuukuu kuwa nyumba, lina kitanda na jiko, na leo tumekuja nalo kwao Mwamapalala. Kigari changu kakifunga nyuma kwa mnyororo wa plau. Nilimwomba atafute chuma cha kuvutia magari. Akanijibu: "Huu umelima pamba miaka yote, utashindwa na kigari?"

Basi nikakaa kwenye usukani wa kigari, nikanyage breki. Injini ikiwa imezimwa, breki ni ngumu kama jiwe.

Na huyu bwana hampiti mzee bila kusimama. "Mwadila, baba!" anawasalimu kwa Kisukuma. Anasimama ghafla, taa za nyuma haziwaki, nami naenda kugonga chumba changu mwenyewe cha kulala. Taa zangu za mbele zimekwisha zote.

Tulipofika, mama mkwe alimpa mwanawe pole ya safari. Kwangu akashangaa: "Wewe umechoka nini? Si ulikuwa unavutwa tu?"



Kesho tunarudi Bariadi. Funguo za basi ninazo mimi, chini ya mto. Na mimi njia hii nina wazee wengi wa kuwasalimia.