Picha ya Mlango wa Jikoni

Deira, Dubai
12 Machi 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na goti lako je? Mimi ni mzima, natandika vitanda vya hoteli mpaka mgongo unalia.

Ninaishi chumba kimoja na Mfilipino, Marivic. Ukutani kabandika picha ya nyumba ya ukoo wao: chini mawe, juu mbao, madirisha ya kombe za baharini badala ya vioo. Aliijenga babu wa babu yake, mfanyabiashara wa sukari, zama za Wahispania. Wamarekani wakaifanya shule, Wajapani wakalala humo na bunduki zao. Sakafu husuguliwa kwa majani ya mgomba hadi ing'ae.

Akaniuliza, "Na yenu, Lois?"

Baba, nilidanganya. Nilisema yetu ni ile ya mzungu wako hapo Njoro. Sasa anataka picha. Tafadhali kapige, usimame mlango wa mbele. Vaa koti. Naona aibu hata kukuandikia haya.

Binti yako,
Lois

Njoro
30 Aprili 2006

Mwanangu Lois,

Salamu nyingi. Goti linanisumbua kukiwa na baridi, lakini Mungu yupo.

Nilivaa koti, nikaenda na Joachim mpiga picha. Askari wa mwenye nyumba wa sasa akaniuliza nina shida gani na mlango wa mbele. Nilipika humo miaka thelathini na moja, na mlango ule sikuwahi kuupita. Akaturuhusu tuzunguke nyuma, basi picha ni hiyo, ya mlango wa jikoni.

Umenieleza nani aliijenga nyumba ya hao Wafilipino na nani alilala humo. Nani alisugua sakafu? Muulize.

Mimi babako

Deira, Dubai
9 Julai 2006

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Picha yako imekaa chini ya godoro wiki sita.

Sikumwuliza Marivic, maana jibu nilikuwa nalo. Alinisimulia siku ile ile, tena kwa fahari: ni bibi yake. Alikuwa mtumishi humo miaka tisa, hadi kijana wa nyumba akamwoa. Nilipokuandikia niliruka hapo. Nilijua ningemtaja mtumishi, ningekuwa nimekutaja wewe.

Jana niliitoa. Nikamwambia, "Huyu ni baba yangu. Nyumba si yetu. Alikuwa mpishi wao."

Akaitazama sana, akauliza, "Alikuwa anawapikia nini?"

Baba, sikujua. Umri wangu wote sijawahi kukuuliza. Ulikuwa unawapikia nini?

Binti yako,
Lois