Soli za Kiboko Ulizozichagua, Feruzi

Feruzi, ndugu yangu,

Wewe hukujua kusoma. Nilipokuwa nikikuandikia barua za kwenda kwa wakwe zako Ujiji, ulikuwa unanikodolea macho kana kwamba naiba kitu. Leo nakuandikia wewe mwenyewe, na hakuna wa kukusomea. Sijali. Kuna neno nimelibeba tangu tulipokuzika, nami nimechoka kulibeba.

Kwanza habari za huku Rumonge. Mkeo Zaituni ametoka eda. Mzima, ila amekonda. Mdogo wako Athumani ameshika kazi yako: Mdachi wa bomani amemwita amwonyeshe njia za nyati kule milimani, na juma lijalo wanapanda. Bunduki anaijua, lakini porini anaropoka mno, kama ulivyokuwa ukilalamika. Mvua zimeanza tena.

Juzi Zaituni alinitumia viatu vyako. Anataka nivipunguze vimkae Athumani, maana mguu wake ni mdogo kuliko wako. Viko hapa juu ya kigoda changu, na hadi leo asubuhi sikuwa nimevigusa.

Unakumbuka siku uliponiletea ile ngozi ya kiboko? Ulimpiga mwenyewe penye mdomo wa mto, upande wa Gatete, ukaibeba ngozi kichwani hadi kibandani kwangu, na harufu yake ikanifukuzia wateja siku mbili. Miaka yote ulipanda milima kwa miguu mitupu, na vidole vyako vilishika jiwe kuliko mkono wangu unavyoshika msharasi wa kutobolea ngozi. Lakini ulichoka kusimama peku kati ya askari waliovaa buti huku Mdachi akikutazama miguu. Ulinung'unika kwamba ngozi ile ile ndiyo wanayochapia watu bomani, basi heri ikae chini ya nyayo zako. Tulicheka, ingawa hakukuwa na la kuchekesha.

Nilikueleza uchague. Soli ya nyati ni laini, inajikunja na mguu, inashika mwamba, lakini masika moja tu imekwisha. Soli ya kiboko haiishi, ila ni ngumu kama ubao, na mguu ukiwa ndani hausikii kinachokanyagwa. Misumari kama ya buti za Mdachi sikuwa nayo. Ukanijibu bila kufikiri:

"Miye nataka viatu ya kudumu. Mudogo wangu atavaa nyuma yangu."

Nami nilifurahi, Feruzi. Hapo ndipo penye ubaya wangu. Nilitaka kushona kiboko. Hakuna fundi kuanzia hapa hadi Magara aliyewahi kushona soli kama ile, na nilitaka watu wavione miguuni mwako waulize ni kazi ya nani. Nikailainisha ngozi kwa mawese siku nyingi, nikaupaka uzi nta, nikashona mishono miwili miwili.

Sasa sikia nisichokuambia. Vilipokwisha nilivivaa mwenyewe, nikashuka ufukweni kuvijaribu. Nilikanyaga jiwe lililolowa, nikateleza, nikaangukia goti. Nikajiambia ni mawese tu, yatatoka kwa kutembea. Sote huku husingizia mawese kitu kikiteleza. Nikaifuta soli kwa mchanga na sikurudi kukanyaga jiwe lile mara ya pili. Nilijua kwamba nikikanyaga tena nitateleza tena. Uliponijia jioni nilikuambia tu usivipake mafuta chini, ukaondoka ukitembea kama bwana harusi.

Wapagazi walinisimulia yaliyotokea. Mvua ilikuwa imenyesha juu, mawe ya mto yana utelezi wa kijani. Mdachi alivuka, ukafuata wewe na mzigo wa nyama. Jiwe la katikati likakutupa. Walikushusha kwa machela, na viatu wamevining'iniza kwenye mti wa machela. Siku ile nilivipokea mimi, na kabla ya kumpa Zaituni nilivikagua mshono kwa mshono. Nilitamani, Mungu anisamehe, nikute uzi umekatika mahali, niseme mkono wangu ulikosea. Hakuna uzi uliokatika. Viatu vilikuwa vizima kabisa na wewe umekufa.

Jana nikaenda kwa Zaituni. Nilimweleza yote, la jiwe la ufukweni na la mawese, sikubakiza kitu. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha. Nikangoja anifukuze. Akasema:

"Shemeji, ile siku ya kwanza alirudi hapa ameumia kiwiko. Alianguka pale kisimani. Nilimwambia aviache. Akasema hawezi, iko weye ulishona."

Ulijua. Ulijua vinateleza, ukavivaa ili usinivunje moyo, nami nikanyamaza ili usinione fundi mbovu. Feruzi, tumefanyiana nini?

Nimelia mbele ya mkeo, na sioni haya kukuambia.

Leo asubuhi nimeanza kuzing'oa soli. Mishono ni migumu, kisu kimeniponyoka mara mbili. Chini nitaweka nyati, niichanje mistari ipate kushika. Zitaisha masika hii, najua, na ikifika nyingine nitaweka mpya, na nyingine tena, maadamu nina mikono. Kabla hajaondoka nitamshusha Athumani ufukweni, akanyage jiwe lililolowa huku nikimtazama. Akiteleza, nitamwambia hapo hapo avue, apande peku, na kwamba kazi yangu haifai. Nimemwambia pia kwamba siku kitu changu kikimuumiza aje kunitukana mlangoni, watu wote wasikie.

Nakuombea rehema, ndugu yangu. Pumzika. Ningependa ungenitukana.

Wako,
Saidi, fundi wa viatu