Firigisi ya Baba Mkubwa

Jumamosi, Julai 1981

Sijamwambia mtu yeyote: namchukia Baba Mkubwa. Si kidogo.

Alikuja leo akitetemeka kwa baridi, akaagiza kuku wa mchuzi. Baba akamchinja kuku wangu, yule mwekundu niliyemlea tangu akiwa kifaranga. Nilipokuwa jikoni nikikanda madonge ya unga wa ngano, nikamsikia Baba Mkubwa akisema juu yangu, "Mwende ameshajua kusoma barua. Yatosha. Jumatatu asirudi shule, akae amsaidie mamake."

Baba akamwongezea chai tu. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka sasa.

Nilitumbukiza madonge kwenye mchuzi uliokuwa ukichemka, nikafunika sufuria. Yalipoumuka, nikaitafuta firigisi. Kwetu firigisi hupewa mwanamume anayeheshimiwa zaidi, mwanamke haionji. Nikaila yote, nimesimama karibu na moto, bila haraka.

Mezani Baba Mkubwa alisifu madonge. "Matamu haya! Nani alikufunza?"

"Nilifunzwa shuleni."

Baba akakohoa kama mtu anayeficha kicheko. Baba Mkubwa akakoroga bakuli lake kwa kijiko, akakoroga tena. "Na firigisi?"

Sauti yangu huwa haitoki mbele ya wageni. Leo ilitoka. "Nimeila mimi, Baba Mkubwa. Kuku alikuwa wangu."

Mama akashika mdomo. Baba akasema tu, "Kula, ndugu yangu, mchuzi unapoa."

Nikaosha vyombo. Kisha nikapiga pasi sare yangu ya shule, nikaipanga ndani ya sanduku, tayari kwa Jumatatu, na hakuna aliyenizuia.