Nguzo Nyuma ya Jiko

3 Februari

Mke mwenza,

Mwaka mzima hujakanyaga kizingiti changu. Kama miguu imeota mizizi huko ofisini, sema, nije na jembe. Sisi huku wazima. Magoti yananisema kila asubuhi, nami nayajibu. Wewe hujambo? Unakula? Barua yako ya mwisho ilikuwa nyembamba hata nikadhani wino nao unalala njaa.

Anayeniandikia ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, maana mimi na kalamu hatukuwahi kujuana. Simu sitaki. Simu inakatika pale pale neno linapoanza kukolea. Barua, fundi ananisomea mara tatu.

Wiki iliyopita walikuja wawili wa ofisini kwenu, wamevaa mabuti. Wakapita mtaa wote wakipiga picha kuta zetu. Nikauliza, mnatafuta nini? "Tunaangalia tu, bibi." Mtu anayeangalia tu haandiki kwenye daftari. Niambie wewe, kwa maneno ya nyumbani: ardhi ina nini? Na ile nguzo ya zege uliyonijengea nyuma ya jiko, yenye chombo kama sufuria iliyofunikwa, kazi yake nini hasa? Ulinieleza siku ile, lakini nilikuwa naangalia ulivyokonda, sikusikia.

Bibi yako


19 Februari

Shikamoo bibi,

Mimi mzima, na ninakula. Msalimie fundi. Nisamehe kwa kupotea. Hapa kazi haziishi.

Iko hivi. Ganda la dunia si kipande kimoja. Limekatika vipande vikubwa tunavyoviita mabamba, na bara zima linaweza kubebwa na bamba moja. Chini yake kuna mwamba wa moto sana. Si majimaji, ni mgumu, ila kwa joto lile unajongea polepole, kama nta iliyoachwa juani, na mabamba nayo yanasogea. Yakigongana, ardhi inakunjana na kuinuka, ndiyo milima mirefu. Moja likizama chini ya jingine, volkeno zinachomoza. Yakikwaruzana, tetemeko. Yakiachana, ardhi ya katikati inadidimia, ndilo bonde hilo unaloliona ukifungua mlango wa nyuma. Zamani mno mabara yote yalikuwa yameshikana. Yaliachana hivyo hivyo, kidogo kidogo, bahari ikaingia katikati.

Mwendo wenyewe ni mdogo. Tangu uzaliwe, ng'ambo ya bonde imekwenda mbali nawe kama dhiraa moja. Nguzo yako ndiyo inayopima: chombo kinasikiliza setilaiti na kutuma namba ofisini kila siku.

Sasa bibi, nisikufiche. Tangu Oktoba nguzo hiyo imesogea vidole viwili kuelekea kusini. Kwa miezi minne, huo si mwendo wa mabamba. Ni mteremko unaotaka kuporomoka. Nimeandika ripoti. Nyumba zote kumi na moja za mtaa wenu zitaamriwa kuhama kabla Aprili haijaisha. Anza kufunga vitu, uje ukae kwangu.

Mjukuu wako


8 Machi

Mke mwenza,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Habari ya dhiraa nimeipokea. Miaka yote nilidhani ni macho yangu yanayopeleka ng'ambo mbali. Mabamba pia nimeyaelewa kuliko unavyofikiri. Maziwa yakipoa yanavaa utando, ukitikisa sufuria unakunjamana huku, unachanika kule. Fundi anasema dunia si maziwa. Nimemwambia yeye aandike.

Amri imefika. Mwashi wa nyumba ya juu, yeye na wanawe wanne, ameanza kung'oa mabati. Fundi naye amefunga cherehani yake kwenye godoro, na hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake.

Jana alinisomea barua yako mara ya tatu. Alipofika "kuelekea kusini", nikamwambia hapo simama. Nikatoka nyuma. Uliniambia nisiiguse nguzo. Sikuigusa. Niliifunga kamba. Toka nguzo mpaka ukuta wa stoo, upande wa kusini. Tangu Oktoba nafua mablanketi ya nyumba ya wageni ya barabarani, na blanketi bichi ni zito kama mtu aliyesusa. Naanika kumi na mawili kwa siku. Nimeishika nguzo kwa mikono miwili. Inacheza kama jino la mtoto.

Hapa fundi ameweka kalamu chini. Ameniangalia. Kisha amesema, "Bibi, mimi nimeshafunga mashine." Nimemwambia aandike na hilo.

Kamba ni kosa langu, silikimbii. Asubuhi nimewafuata wale wa mabuti nikawaambia. Wamecheka. "Bibi, namba hazidanganyi. Hizo ni mbinu za kukataa kuhama." Kwa hiyo umebaki wewe. Nawe una lako: ungekuja hata mara moja, ungeiona kamba kabla hujaandika ripoti. Ulipima uwanja wangu ukiwa umekaa kwenye kiti.

Najua ukisema utaaibika, pengine na kazi iende. Usiposema, nyumba kumi na moja zitahama kwa sababu ya kufua. Kamba nimeishusha. Nguzo sijainyoosha, nisije nikaongeza uongo juu ya uongo. Jibu upesi.

Bibi yako


5 Aprili

Mke mwenza,

Leo sikuulizi kama unakula.

Wiki nne, kimya. Mwashi sasa analala chini ya turubai na wanawe. Fundi anaandika haya amekaa juu ya sanduku, kiti kimeshakwenda kwa dada yake. Kanisihi niandike kwa upole. Huu ndio upole wangu.

Bibi yako


16 Aprili

Shikamoo bibi,

Barua yako ya Machi nilikaa nayo mfukoni mwezi mzima. Sikuwa na shaka nayo. Jioni ile ile nilifungua namba upya, nikazitazama siku moja moja badala ya kuzijumlisha. Nguzo inakwenda kusini Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili inatulia. Hakuna mteremko unaopumzika Jumapili, bibi. Wewe ndiye hufui siku hiyo.

Nilijua, na nikanyamaza. Kila asubuhi nilisema kesho. Barua yako ya Aprili ilipofika, nikasoma habari ya turubai, nikaenda kwa mkuu wangu mbele ya watu wote nikasema. Nilidhani watacheka. Hawakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Amri imefutwa. Nguzo nyingine mbili za mtaa wa juu zinaonyesha bonde linafunguka kwa mwendo wake ule wa siku zote, ambao haumhamishi mtu.

Mimi nimeondolewa kwenye vipimo. Napanga ramani kuukuu stoo. Si hilo linaloniumiza. Ni ule mwezi. Sioni nitakavyopita mtaa huo nikiangaliwa. Sidhani nitakuja mwaka huu. Niombee radhi kwa majirani.

Mjukuu wako


27 Aprili

Mke mwenza,

Marahaba. Aibu si homa, hailaliwi.

Mwashi anarudisha mabati, na kila msumari anaugonga kama vile ni kichwa cha mtu tunayemjua. Fundi ameshona nguo ya kwanza tangu Machi, amekosea mkono, amefumua. Hana kinyongo nawe, ila anataka kukuona usoni. Ni haki yake.

Kukuombea radhi sikuombei. Radhi haitumwi kwa bibi kama chumvi. Mimi yangu nimeshaimaliza: nimepita nyumba zote kwa miguu hii hii, nikasema kamba ilikuwa yangu. Wengine walinipa kiti. Mke wa mwashi aliniacha nimesimama mlangoni mpaka nikamaliza, nami sikumlaumu. Nilirudi nikalala vizuri. Huo mwezi ni wako, sikuugusa.

Kwa hiyo njoo Jumamosi ijayo, asubuhi, watu wakiwa nyumbani. Usianzie kwangu. Shukia juu kabisa, kwa mwashi, ubishe hodi na useme mwenyewe. Kisha ushuke nyumba kwa nyumba, usiruke hata moja, hata wakikufungia mlango. Ukifika kwangu utanikuta nimekaa nje. Usinieleze chochote. Ingia ndani, vua viatu, ule.

Bibi yako