Mvumo wa Saa Kumi na Mbili Jioni

Jumatatu, 14 Januari 2019

Asubuhi vumbi la harmattan, ule upepo mkavu wa jangwani, baridi, midomo imepasuka. Sanatu wa kijiji cha Zugbali amekuja kituoni kwetu cha redio akilia. Baba yake alifariki Ijumaa huku mjini. Tangazo tulilisoma jioni ileile. "Redio ilikuwa inavuma tu, dada! Nimeambiwa na muuza viazi vikuu!" Dua ya siku ya tatu imempita. Kule simu haishiki, redio ndiyo kila kitu.

Meneja Fuseini ametoa hukumu bila kunyanyuka kitini: mtambo wetu mbovu, fundi mvivu. "Dada Rahi, panda mnarani ukakaze nati." Nati! Mtambo ukiwa mbovu, Zugbali peke yake ndiyo isikie mvumo? Kelele iko huko kwenye redio zao. Ninamweleza, anapiga miayo. Kisha amesema: mvumo ukiwepo bado Ijumaa, nitafute kazi nyingine.

Jumanne, 15 Januari 2019

Vumbi zaidi. Nimekwenda Zugbali kwa pikipiki na redio ndogo ya betri. Mvumo si wa pikipiki — ile hutatarika redioni, kisha huisha. Si wa kituo jirani — ungesikia watu wawili wakibishana. Saa kumi na mbili kamili: vvvvv, mfululizo. Nimeufuata mvumo nyumba kwa nyumba hadi ukuta wa chifu. Taa kumi na mbili za sola, zawadi ya mheshimiwa mmoja mtaka kura. Zimewaka, redio imekufa. Taa za bei ya karanga!

Chifu haambiwi neno moja kwa moja. Nimetoa kola, zile kokwa za heshima, nimeketi chini, nimemwambia msemaji wake, Wulana: taa zinaua redio, zizimwe wakati wa matangazo. Wulana amekohoa. Kisha, akimgeukia chifu, kwa sauti ya asali: "Naa, binti huyu wa redio ametoka mbali kuja kuzisifu taa zako."

Watu wamepiga makofi. Nimefungua mdomo, Wulana amenikanyaga kidole cha mguu. Mwoga mwenye kilemba!

Chifu amefurahi mno. Nimepewa kanga, ndege mzima, na ufunguo wa sanduku la swichi. "Wewe ndiye mlinzi wa taa zangu. Zikizimika hata jioni moja, nitakuuliza wewe."

Fuseini nimemkuta getini. Hakuuliza habari za mvumo. Amemshika kanga kifua. "Amenona," amesema. "Ijumaa iko palepale."

Ufunguo uko mezani. Swichi ni moja tu kwa taa zote, nimeiona: nikiizima, chifu ataniuliza; nikiiacha, kazi sina.

Saa tano na dakika kumi. Nalala.